Mji wa Springfield Ulivyouziwa Treni

Huenda baadhi ya ndugu wasomaji watashangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida hushughulika na mishahara, mikataba na viatu vya kazini, leo umejaa habari za katuni. Waniwie radhi. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, kwamba katuni ni ya watoto, mpaka jioni moja mwanangu aliposimamisha simu yake juu ya meza na kucheka peke yake hata mama yake akamfokea. Nikamwuliza anachekea nini. Akanijibu, "Baba, hawa watu wanafanya mkutano kama ule wa kwenu." Nikaketi, nikatazama, naye akanifasiria Kiingereza pale kilipokwenda mbio. Tulipomaliza yeye alikuwa bado anacheka. Mimi sikucheka sana.

Mchezo huo unaitwa The Simpsons. Ulibuniwa na mchoraji Matt Groening, na televisheni ya Fox huko Marekani ilianza kuuonyesha kama mfululizo kamili tarehe 17 Desemba 1989. Vipindi vyake vimekwisha kupita 700. Ni habari za familia moja ya watu wa kawaida katika mji mdogo wa kubuni uitwao Springfield. Baba, Homer, ni mfanyakazi wa kinu cha umeme wa nyuklia. Kazi yake ni kukagua usalama, naye hulala usingizi kazini. Mkewe ni Marge, na watoto wao ni Bart, Lisa na Maggie aliye mchanga. Mwenye kinu ni mzee Burns, tajiri wa kupindukia ambaye halikumbuki jina la Homer hata akiwa amesimama mbele yake. Meya wa mji ni Quimby, mla rushwa ambaye hana hata haja ya kujificha.

Kipindi ninachotaka kukisimulia kilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1993. Mwandishi wake alikuwa Conan O'Brien, wakati ule kijana aliyeajiriwa kutunga vichekesho. Mwaka huo huo alipewa kipindi chake mwenyewe cha usiku.

Mambo yanaanzia kwa Burns. Kinu chake kinatoa uchafu wenye sumu, naye hataki kugharamia kuuhifadhi inavyotakiwa. Basi usiku yeye na msaidizi wake Smithers wanabeba mapipa kwenda kuyaficha. Smithers anauliza, je, twende uwanja wa watoto kuchezea? Burns anakataa. Si kwa huruma! Ni kwa sababu watoto wa pale wamekwisha kunyonyoka nywele na watu wameanza kushuku. Wanakwenda bustani ya mji, wanashindilia mapipa ndani ya mti, na hapo wanakamatwa na maofisa wa serikali wa kulinda mazingira. Burns anafikishwa mahakamani. Hakimu anamtoza faini ya dola milioni 3. Burns anamwambia Smithers atoe pochi, analipa pale pale kama mtu anayelipa nauli ya basi, kisha anasema na ile sanamu ya Haki iliyosimama mahakamani ataichukua pia. Hakimu anamwuzia.

Ndugu zangu mliowahi kuona mwajiri akitozwa faini kwa ajili ya mkono wa mwenzenu uliokatwa na mashine, nadhani mmekielewa kichekesho hicho bila kufasiriwa. Kwa mtu mwenye fedha nyingi faini haiwi adhabu, inakuwa bei. Anajumlisha: kuhifadhi sumu ni kiasi gani, kukamatwa ni kiasi gani, kisha anachagua kilicho rahisi. Na tazameni tena jambo hili ambalo katuni inalipita upesi. Faini imelipwa kwa mji. Wale watoto walionyonyoka nywele hawatajwi tena. Wafanyakazi walioyajaza mapipa yale kwa mikono yao hawatajwi kabisa.

Sasa mji una dola milioni 3, na mkutano wa wananchi wote unaitishwa waamue zitumike vipi. Hapa ndipo mwanangu aliposema ni mkutano wa kwetu. Watu wamejaa ukumbini na kila mmoja ana lake. Apu, mwenye duka, anasimama kuomba polisi waongezwe. Mwaka huo amepigwa risasi mara 8, asema, na kwa sababu hiyo nusura akose siku ya kazi. Mkuu wa polisi anamdhihaki kuwa ni mlialia. Burns mwenyewe anaingia amevaa masharubu ya bandia, anajitambulisha kwa jina lake lililogeuzwa nyuma mbele, na kupendekeza fedha zote zirudishwe kwenye kinu cha nyuklia! Wananchi wanaitambua hila hiyo, anatimka. Kisha anasimama Marge. Pendekezo lake halina mapambo: barabara kuu ya mji imechimbika na kuvunjika, itengenezwe. Watu wanaanza kukubali. Kura karibu ipigwe.

Ndipo mtu mmoja aliyeketi nyuma anapiga mluzi. Amevaa vizuri, ana kofia, ana tabasamu. Anaitwa Lyle Lanley. Hasemi kwamba wazo la Marge ni baya. Anasema tu kwamba ana wazo kubwa, lakini basi, aliache, maana pengine linawafaa zaidi watu wa Shelbyville. Shelbyville ni mji jirani, na watu wa Springfield hawawapendi watu wa huko. Meya Quimby anaruka: sisi tuna akili kuliko watu wa Shelbyville, tuambie wazo lako nasi tutalipigia kura! Hivyo kura imekwisha ahidiwa kabla bidhaa haijaonekana.

Bidhaa yenyewe ni treni inayopita juu ya reli moja iliyoinuliwa hewani. Lanley anafunua mfano mdogo wake, unazunguka mezani, unapendeza kweli. Kisha anaanza kuimba. Watu wanamwuliza maswali ndani ya wimbo ule ule naye anawajibu kwa vina: reli haitapinda, kelele hazitakuwako, na wasio na akili ya kazi yoyote watapewa kazi laini. Wanaojua michezo ya Marekani wanasema wimbo huo umeundwa kwa kuiga mchezo wa jukwaani uitwao The Music Man, wa mwaka 1957, unaomhusu vilevile mlaghai mwenye kuingia mji mdogo na kuuza ndoto. Marge anajaribu kukumbusha habari ya barabara. Sauti yake inamezwa na wimbo. Ukumbi mzima unasimama na kuandamana nje ukiimba.

Nataka tusimame hapo kidogo, maana hapo ndipo penye uzito. Tumezoea kufikiri kuwa rushwa ni jambo la chini ya meza, la bahasha, la mlango wa nyuma usiku. Katika mkutano huu hakuna bahasha. Sikumwona mtu akimpa Quimby hata senti moja ili treni ipitishwe. Kila kitu kimefanyika mchana, mbele ya wananchi wote, na sauti ya wengi imeshinda. Ukiomba kumbukumbu za kikao zitakuwa safi: mtoa hoja yupo, waliounga mkono ni wengi, waliopinga ni mmoja. Mkaguzi wa hesabu akija hatakuta kosa. Kilichokosekana ni vitu vidogo vidogo visivyo na wimbo. Hakuna aliyeuliza bei kwa mwuzaji mwingine. Hakuna aliyetaka kuona treni iliyokwisha kujengwa kwingine, ingawa Lanley mwenyewe aliitaja miji mitatu aliyoiuzia, Brockway, Ogdenville na North Haverbrook, tena kwa kujigamba. Hakuna aliyeuliza fedha zitatolewa kwa mafungu au zote kwa mkupuo. Meya alikuwa na wajibu wa kuuliza hayo. Lakini meya anataka kupigiwa makofi, na anayeuliza bei hapigiwi makofi.

Anayeuliza swali la maana ni Lisa, mtoto wa shule. Lanley amekwenda darasani kusifu treni, na Lisa anataka kujua kwa nini mji mdogo, ambao watu wake wote wanakaa karibu karibu, uhitaji chombo kama hicho. Lanley anamsifu kwa akili yake, anamwambia angeweza kumjibu ila jibu hilo wangelielewa wao wawili tu. Mtoto anaona haya kwa furaha na swali linakufa. Ndugu, mbinu hiyo mnaijua. Mjumbe wa kiwanda anauliza habari ya malipo ya ziada, na meneja anamwambia, "Wewe ndugu ni mtu mwenye upeo, njoo ofisini tuzungumze."

Sasa Homer. Yeye ndiye ndugu yetu katika hadithi hii, na ndiye anayeniuma. Ametamani maisha yake yote kuendesha treni ya namna hiyo (ndivyo anavyodai, ingawa mkewe anamkumbusha kwamba ndoto ya maisha yake ilikuwa nyingine, naye amekwisha kuitimiza). Lanley anafungua chuo cha wiki 3 cha kufundisha madereva. Mafunzo ni upuuzi. Mwisho wake Lanley ananyosha kidole bila kutazama na kumchagua Homer. Anapewa sare na kofia. Basi! Kuanzia hapo Homer haoni kasoro yoyote. Mkewe anapoulizia usalama anamwonyesha kabati ambamo pangestahili kuwa na vifaa vya kuzimia moto. Ndani yake mna wanyama kama panya buku, mama na wanawe, wamejifanyia makao, na Homer amekwisha kumpa jina yule mkubwa wao. Anacheka. Mtu ambaye atakuwa wa kwanza kufa treni ikianguka ndiye anayeitetea kuliko wote, kwa sababu ya kofia.

Sisemi hivyo kumbeza Homer. Nimevaa kofia ya namna hiyo mimi mwenyewe, na nitaeleza mbele.

Marge peke yake hakutulia. Anakwenda ofisini kwa Lanley kumwuliza, anaona daftari lake, na ndani yake kuna picha aliyoichora Lanley mwenyewe ikimwonyesha anakimbia na mifuko ya fedha huku abiria wa treni wakiungua. Marge anachukua gari anakwenda North Haverbrook. Anakuta mji uliokufa. Majengo yamebomoka, watu ni wachache. Anamwuliza mtu habari ya treni, naye anakana kwa ukali kwamba hapa hapajawahi kuwa na treni ya reli moja, wala hapatakuwa, na huku nyuma yake kibao cha mkahawa kina jina la treni hiyo hiyo.

Hapa ningependa kila katibu wa tawi asimamishe picha na kuitazama. Watu wa North Haverbrook hawakuwa wabaya. Walikuwa na haya. Waliimba nao wimbo ule, waliandamana nao barabarani, na fedha zilipokwenda walionelea afadhali wazike jambo lote kuliko kuitwa wajinga. Kwa hiyo hawakuandikia mji wa pili barua. Lanley akapanda gari akaenda mji wa pili. Kwa hakika haya ya watu walioibiwa ndiyo mtaji wa mwizi; bila hiyo asingeweza kuuza treni mbovu mara nne.

Huko Marge anakutana na Sebastian Cobb, mhandisi aliyeiunda treni. Anaeleza kwamba Lanley alikata gharama kila mahali: nyaya mbovu, breki mbovu, na mengine kama hayo. Cobb anarudi pamoja na Marge kuokoa watu, na kwa hilo astahili shukrani. Lakini nilijiuliza alikuwa wapi siku treni ya North Haverbrook ilipozinduliwa. Fundi anayejua kwamba breki ni mbovu akanyamaza ili apate malipo yake ya mwisho, naye tumweke upande gani? Jambo hili naliacha kwa ndugu wa karakana walijadili wenyewe.

Siku ya uzinduzi inafika. Yuko mgeni rasmi, mwigizaji mashuhuri Leonard Nimoy, maana hafla bila mgeni rasmi haiendi, huko kama kwetu. Lanley amekwisha kufunga sanduku na gari linamngoja kumpeleka uwanja wa ndege. Treni inaondoka, inaenda mbio kupita kiasi, breki hazishiki. Inatumia nguvu za jua, hivyo haiwezi hata kukatiwa umeme. Jua linapopatwa inasimama kidogo, watu wanashukuru Mungu, jua linatoka, inaanza tena. Chini, meya na mkuu wa polisi hawatafuti ngazi wala kamba. Wanabishana nani mwenye mamlaka, wanaagiza katiba ya zamani ya mji isomwe, na wanakuta humo kwamba mkuu wa polisi anastahili kupewa nguruwe mmoja kila mwezi. Huo ndio uongozi wakati watu wako hewani!

Mwisho Homer, kwa kuongozwa na Cobb na Marge, anang'oa herufi kubwa ya chuma ubavuni mwa treni, anaifunga kamba na kuitupa chini kama nanga. Inapasua barabara na nyumba mpaka inanasa kwenye bango la duka lenye umbo la donati kubwa. Treni inasimama. Na Lanley? Ndege yake ya kwenda Tahiti inatua ghafla North Haverbrook, na watu wa huko wanaingia ndani na kumpiga. Mwanangu aliipenda sana sehemu hiyo. Nikamwuliza, na zile dola milioni 3 zilirudi? Hatuonyeshwi. Barabara kuu je, ilitengenezwa? Hatuonyeshwi. Tunaambiwa tu, kwa sauti ya Marge, kwamba huo ulikuwa upuuzi wa mwisho wa mji, isipokuwa ghorofa refu la vijiti vya aiskrimu, kioo kikubwa cha kukuzia vitu, na ngazi ya umeme isiyokwenda popote.

Watengenezaji wa mchezo huu hawakuanza siku hiyo kuwagusa wakubwa. Tarehe 1 Novemba 1990 walionyesha kipindi ambamo Bart anavua samaki mwenye macho matatu karibu na kinu. Wakaguzi wa serikali wanakuja, wanakuta makosa 342, na gharama ya kuyarekebisha ni dola milioni 56. Burns anajaribu kuwahonga, wanakataa. Basi anaona njia iliyo rahisi zaidi ni kugombea ugavana, ili sheria ziwe zake. Analipa mabingwa wa kampeni, wanamfundisha kutabasamu, wanaueleza umma kwamba samaki yule ni maendeleo ya maumbile. Jioni kabla ya uchaguzi anakwenda kula nyumbani kwa Homer mbele ya kamera, aonekane rafiki wa mfanyakazi. Marge anampakulia yule samaki. Burns anatia tonge mdomoni, anatema, na uchaguzi umekwisha. Hakuna hotuba iliyohitajika. Sijui tungekuwa na mabwana wangapi wa mashamba kama kila mmoja angetakiwa kunywa, mbele ya kamera, maji ya mfereji wanaochota wake zetu.

Na tarehe 11 Machi 1993, miezi miwili baada ya treni, kikaja kipindi cha chama cha wafanyakazi chenyewe. Burns anataka kufuta matibabu ya meno katika mkataba, na kwa kubadilishana anatoa pipa la bia. Wanachama wanalipokea kwa shangwe na kujipanga wanywe. Homer yumo foleni. Kidogo kidogo akili inamrudia: binti yake Lisa ameambiwa anahitaji waya za kunyosha meno, na zilizo rahisi ni za kutisha. Anasimama, anapinga, wanamchagua kuwa mwenyekiti, wanagoma. Burns anakata umeme mji mzima, wao wanaimba gizani, na mwishowe anakubali kurudisha matibabu kwa sharti kwamba Homer aache uenyekiti. Vijana wa vyuo vikuu wanakisifu kipindi hiki kuwa moja ya vilivyo bora. Mimi nakisifu kwa sababu ya pipa. Pipa limeingia katika mikutano yetu pia, mara likiitwa soda, mara fulana, mara nauli ya wajumbe.

Hata hivyo nisije nikaonekana naimba wimbo wa Lanley. Mchezo huu ni mali ya mabepari wakubwa wa habari, na wenye kuutengeneza nao wamekuwa na mivutano yao. Mwaka 1998 waigizaji sita wanaotoa sauti, waliokuwa wakilipwa dola 30,000 kwa kipindi, walidai nyongeza. Kampuni ikatishia kuwatafuta wengine. Wakashikamana wote sita na kupata dola 125,000. Ni fedha ambazo mkata miwa hawezi hata kuziota, lakini ushikamano ni ule ule. Sehemu kubwa ya michoro huchorwa Seoul, Korea ya Kusini, na mnamo Oktoba 2010 msanii wa Uingereza ajulikanaye kwa jina la Banksy alipewa nafasi ya kubuni mwanzo wa kipindi kimoja. Akaonyesha wafanyakazi wa Asia wakipaka rangi michoro ndani ya shimo lenye giza na mifupa. Nelson Shin, mwenye kampuni ya Seoul, alilalamika kwamba hiyo si hali ya wachoraji wake. Lakini swali limekwisha kuulizwa, tena na mchezo wenyewe: anayechora kicheko hiki analipwa nini?

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Katika Springfield wananchi ni wajinga siku zote. Kila wiki wanadanganywa, kila wiki wanasahau, na anayewaokoa ni mwanamke mmoja ndani ya gari lake. Katika habari ya treni chama cha wafanyakazi hakionekani kabisa, ingawa miezi miwili baadaye tunakiona kipo na kina mwenyekiti. Hakuna kamati, hakuna hata watu watatu waliotumwa na mkutano kwenda North Haverbrook kwa nauli ya mkutano. Picha ya namna hiyo inawapendeza wakubwa, kwa kuwa inawaambia kwamba umma ukipewa fedha utanunua upuuzi, hivyo afadhali umma usipewe. Sikubali. Umma ule ule ulimtambua Burns ndani ya masharubu ya bandia, kwa sababu ulimfahamu kwa miaka mingi. Lanley haukumfahamu, na hakuna aliyetumwa kumfahamu.

Nilisema nitaeleza habari ya kofia. Miaka kadhaa iliyopita chama cha akiba na mikopo katika kambi yetu ya miwa kilikuwa na akiba nzuri. Paa la zahanati ya kambi lilikuwa linavuja, na mama mmoja wa kikosi cha palizi alitoa hoja kwamba fedha ziezeke paa. Siku hiyo hiyo alikuwako mgeni, kijana nadhifu, mwenye kalenda ya rangi yenye picha ya mashine kubwa ya kusaga mahindi na injini yake ya dizeli. Alisema kambi ya ng'ambo ya mto inafikiria kuichukua. Nilikuwa katibu msaidizi. Niliunga mkono hoja ya mashine kwa sauti kubwa, nikapigiwa makofi, na nikaahidiwa kuwa msimamizi wake. Kila mwanachama alikatwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa miezi 8 juu ya akiba iliyokuwapo. Mashine ilikuja. Ilisaga siku 11. Injini ilikuwa kuukuu iliyopakwa rangi mpya, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye stakabadhi haikupokewa tena.

Yule mama wa palizi hakutucheka. Paa aliliziba kwa karatasi za nailoni yeye na wenzake, na bado linavuja.

Baadaye tulipata habari kwamba ng'ambo ya mto hawakuwa "wanafikiria" kuichukua. Walikuwa wamekwisha kuichukua mwaka mmoja kabla yetu, kutoka kwa kijana huyo huyo, wakaificha nyuma ya mabanda na kukubaliana wasiseme. Tuliwakasirikia sana. Kisha na sisi tukafanya vivyo hivyo. Katika kitabu cha kumbukumbu mashine imeandikwa "inasubiri vipuri," na mkono ulioandika maneno hayo ni wangu.

Nimesikia mwezi huu kwamba katika kiwanda kimoja cha chai, mbali na kwetu, kuna kijana anayetembeza kalenda. Sijui kama ni yeye. Mashine yetu iko nyuma ya ghala la mbolea, chini ya turubai la bluu, na injini imefunguliwa, kila mtu anaweza kuona jinsi rangi ilivyopakwa juu ya kutu. Tawi lolote linalotaka kutuma wajumbe lipige simu ofisi ya chama. Jumamosi mchana hatuna zamu, nami nitakuwapo na kitabu cha hesabu.